Tairi za theluji kwa masika ya Pemba? Usizinunue

Ndugu yangu wa Chake Chake, umeuliza kama hizo tairi kuukuu kutoka Japani, zenye neno STUDLESS ubavuni, zitaifaa gari yako ya umeme, Nissan Leaf, wakati wa masika, maana muuzaji amekwambia zinashika vizuri kwenye maji. Nakuomba uziache.

Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya barabara zenye barafu. Mpira wake ni laini makusudi ili usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7. Kwetu lami inachemka hata siku ya mvua. Mpira ule unalegea, unalika haraka, na ukikanyaga breki gari inachelewa kusimama. Na barabara ya Wete, na milima na kona zake, unaijua mwenyewe. Angalia pia ubavuni: mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake ni alama ya tairi iliyopimwa kwa theluji.

Gari ya umeme ni nzito kwa sababu ya betri, na inavuta kwa nguvu tangu inapoondoka. Kwa hiyo tafuta tairi za kawaida, mpya ukiweza. Kama zako ni za ukubwa wa 205/55R16, namba ya uzito isipungue 91, yaani kilo 615 kwa kila tairi. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyo ubavuni, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1223 ni wiki ya 12 ya 2023. Mifereji ikibaki chini ya milimita 3, mimi singeingia nazo masika.

Upepo ufuate kibandiko cha mlangoni kwa dereva, upime tairi zikiwa baridi.