Kayaki kwenye mikoko ya Kunduchi: anza na maji

Mkuu, umeuliza kama digrii ya baolojia inaweza kukulisha kwa kutembeza wageni kwa kayaki hapa Dar. Inaweza, ila usikimbilie visiwa vya Mbudya au Bongoyo. Huko ni bahari ya wazi, na kusi likivuma mchana mgeni asiyezoea kasia utamvuta kwa kamba. Tena ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kiingilio kinalipiwa, kiweke kwenye bei.

Anzia mikokoni Kunduchi. Pale ndipo elimu yako inapogeuka pesa. Mgeni mpe jani la mchu, aina ya mkoko, alambe: chumvi tupu, mti unaitoa kupitia majani. Muoneshe mizizi yake iliyochomoza topeni kama penseli, inavuta hewa. Kisha nyamazeni dakika mbili, makasia juu ya mapaja. Kaa dume wataanza kutoka mashimoni wakipunga gando moja kubwa, kuita majike. Hapo hata mtoto mtukutu hutulia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji. Siku ya bamvu, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, nilichelewa kugeuza, yakapwa, tukabaki topeni na wageni wanne zaidi ya saa tatu. Mmoja alipoteza kiatu (nilimlipa). Bamvu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo ingia yakijaa, toka kabla hayajaanza kupwa. Jedwali la maji libandike ukutani. Na wavuvi wa pale wasalimie kwanza, mkondo wanaujua kuliko mimi na wewe.

Leseni ya utalii tutaongea ukishapata kayaki. Una ngapi?