Ukipelekwa Coventry kazini

Waingereza wana usemi wa kumpeleka mtu Coventry. Hakuna nauli wala tiketi ndani yake. Ni kwamba wenzake wamekubaliana, mara nyingi bila hata kikao, kutomsemesha: akisalimia hawaitiki, akiingia chumba cha chai maongezi yanakatika, akiuliza jambo hakuna anayelidaka. Waliokulia vijijini wanaijua adhabu hii kwa sura kali zaidi, pale familia inapotengwa na kijiji kizima, hata ikipata msiba jirani hasogei, na atakayesogea naye anatozwa faini.

Mimi nimepelekwa huko nikiwa kwenye kazi ya kea, yaani ya kuwahudumia wazee, katika nyumba moja ya wazee hapa Uingereza. Naandika kwa ajili ya wenzangu walio kwenye kazi hizi, maana nimeona wengi wakiumia kimyakimya wakidhani ni ugeni wao tu, au lafudhi, au rangi. Wakati mwingine ni hayo kweli. Lakini mara nyingi adhabu hii humfuata mtu kwa sababu ya jambo alilofanya au alilokataa kufanya, na hapo ndipo historia ya usemi wenyewe inapoweza kukusaidia.

Coventry ni mji wa katikati ya Uingereza, ndio ulioipa dunia baiskeli ya kisasa mwaka 1885, na watu wake hawana ununaji wowote wa pekee. Kwa nini basi wao? Wanahistoria hawajaafikiana. Simulizi yenye nguvu zaidi inatoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640, kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Coventry ilikuwa upande wa Bunge, ikamfungia mfalme malango yake Agosti 1642. Bwana Clarendon, aliyekuwa mtu wa mfalme na aliyeandika historia ndefu ya vita hivyo, analalamika kwamba watu wa Birmingham waliwavamia askari wa mfalme waliokuwa wakipita kwa vikundi vidogo, wakawaua baadhi na wengine wakawapeleka mateka Coventry. Inasemekana wenyeji wa mji hawakutaka hata kuongea na mateka hao. Mtu akikosa ufadhili ugenini, na kila mlango umefungwa, unaelewa jinsi jina la mji lingeweza kubaki midomoni.

Lakini ushahidi unaonivutia zaidi ni wa baadaye, kwenye kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose, toleo la 1811. Humo, kumpeleka mtu Coventry ni adhabu ya maafisa wa jeshi dhidi ya mwenzao mkorofi au aliyekosa adabu. Anahesabiwa kuwa hayupo. Hakuna ruhusa ya kumsemesha wala kumjibu, isipokuwa kwa mambo ya kazi, na anayevunja amri hiyo naye anapelekwa huko huko. Mkosaji akijirudi, wenzake mezani wanampokea kama mtu aliyerudi sasa hivi kutoka safari ya Coventry. Napenda sana hicho kipengele cha mwisho, nusu mzaha nusu huruma: hapakuwa na kusuluhishana kwingi, ilikuwa tu karibu, pole na safari.

Sasa rudi kwenye ile "isipokuwa kwa mambo ya kazi". Wanajeshi wale, pamoja na ukali wao wote, walijua kwamba ukimnyamazia afisa hata kwenye zamu ya ulinzi, adui atapita. Kwangu mimi huo ndio mstari wa kuangalia kabla ya kitu kingine chochote. Kuna kimya cha chai na kuna kimya cha kazi, na ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kimya cha chai ni pale hawakualiki, hawacheki nawe, hawakuulizi wikendi ilikuwaje. Kinauma, tena sana. Watafiti waliochunguza ubongo wa watu waliobaguliwa kwenye mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira, katika utafiti uliochapishwa 2003, waliona sehemu zinazohusika na maumivu ya mwili zikiamka. Kwa hiyo usijilaumu kwa kuumia. Lakini hakuna meneja atakayewalazimisha watu wazima kukupenda, na ukienda ofisini kushtaki kwamba fulani hakukuitikia salamu utaonekana mtoto. Kimya hicho kitafutie dawa nje: kanisani au msikitini, kwenye simu na dada yako, kwa jirani. Mimi nilikuwa nakula chakula changu nikiongea na mama Mombasa kwa sauti, Kiswahili kitupu, na sijui ni nani aliyeadhibiwa zaidi katika dakika zile.

Kimya cha kazi ni jambo jingine. Chanzo cha safari yangu kilikuwa chati. Tulikuwa na mkazi mmoja, bibi asiyeweza kujigeuza kitandani, aliyetakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Nikaombwa kutia sahihi kwamba amegeuzwa usiku kucha wakati sikuwepo na sikuona. Nikakataa, nikamwambia nesi wa zamu. Baada ya hapo chumba cha chai kikawa Coventry, sawa, nilivumilia. Tatizo lilianza pale wa zamu ya usiku walipoanza kuacha kunikabidhi. Naingia asubuhi, nauliza mzee wa chumba fulani amekunywa maji kiasi gani, amekataa dawa, ameanguka? Hakuna anayejibu, watu wanavaa makoti yao wanaondoka.

Hapo ndipo unapoacha kuvumilia. Nilichofanya, na ninachomshauri kila mtu, ni kuhamisha maswali kutoka mdomoni kwenda kwenye maandishi. Mdomo unaweza kunyimwa jibu na isijulikane, karatasi haiwezi. Niliandika kwenye daftari la makabidhiano: saa ngapi nimeuliza, nimeuliza nini, kuhusu mkazi gani, na kwamba sikujibiwa. Sikuandika kwamba wananichukia, wala kwamba ni wabaguzi, wala neno lolote la hisia. Kisha nikamtumia meneja barua pepe fupi yenye mambo hayo hayo, nikaomba anieleze nitapataje taarifa za wakazi. Sentensi yangu haikuwa "hawaniongeleshi", ilikuwa "sijui kama bibi huyu amekunywa maji". Meneja anaweza kuipuuza ya kwanza mwaka mzima. Ya pili ikikaa kwenye barua pepe zake usiku mmoja, hapati usingizi.

Ukiona hawatikisiki, hapa Uingereza una silaha kadhaa na ni vizuri kuzijua kwa majina. Acas, taasisi ya umma ya usuluhishi kazini, wanatoa ushauri wa migogoro ya kazi bure kwa simu. Ukipeleka malalamiko rasmi, sheria ya 1999 (Employment Relations Act) inakupa haki ya kwenda kikaoni na mfanyakazi mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Usiende peke yako. Kama uliripoti hatari kwa afya ya watu, kuna ulinzi wa sheria ya 1998 (Public Interest Disclosure Act), na tangu 2013 unagusa hata madhara unayofanyiwa na wafanyakazi wenzako, siyo mwajiri pekee. Kama ulilalamikia ubaguzi na ndipo ukaanza kuadhibiwa, kifungu cha 27 cha Sheria ya Usawa ya 2010 kinakuhusu. Muda wa kwenda kwenye baraza la kazi ni mfupi, kwa hiyo ulizia mapema hata kama hutaki kesi.

Na tafuta mmoja. Adhabu hii ina udhaifu ulioandikwa ndani yake tangu kwa Grose: inabidi anayekusemesha naye atishiwe, maana bila tishio hilo haisimami. Kwangu alikuwa mama mmoja Mghana wa jikoni, ambaye hakuwa akihitaji chochote kutoka kwa watu wa zamu. "Mwanangu, mimi siendi Coventry, miguu inaniuma," aliniambia, akaendelea kunisalimia mbele yao wote. Wiki hazikupita nyingi, wa pili akaanza kuitika.

Niongeze jambo kwa wale watakaosema kususa ni ukatili siku zote. Siyo. Mwaka 1880 huko Ireland, mwanasiasa Charles Stewart Parnell aliwahutubia wakulima mjini Ennis, akawaambia mtu atakayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa waachane naye barabarani, dukani, sokoni na hata kanisani, wamweke katika Coventry ya aina yake. Punde wakulima wa Mayo wakamfanyia hivyo Kapteni Boycott, wakala wa mwenye ardhi, na jina lake likawa neno la Kiingereza la kususia. Wale walikuwa wanyonge wakimnyamazia mwenye nguvu, naye alikuwa na askari wa serikali wa kumlinda avune mazao yake. Watu kumi wakimnyamazia kea mmoja mwenye viza ya mwajiri, yaani inayotegemea kazi yake kwa mwajiri huyo, mizani ni nyingine kabisa.

Na hiyo viza ndiyo inayofanya ushauri wa "si uache tu kazi" uwe mwepesi mdomoni. Ukiacha, au mwajiri akikuondoa, Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayosimamia viza, ikishakuandikia kwa kawaida unabaki na siku 60 za kupata mwajiri mwingine mwenye leseni au kuondoka. Kwa hiyo kama umeamua kuhama, na wakati mwingine ni sawa kuhama, hasa meneja akiwa mmoja wa walionyamaza, tafuta kwingine ukiwa bado unalipwa, pata barua ya ajira mkononi, ndipo utoe notisi. Nakala za barua pepe na tarehe zako ziweke nyumbani, bila majina wala taarifa za wakazi.