Wenzangu walinifundisha kwenda polepole

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mkimbiaji anayefanya mazoezi na wenzake anapata nini ambacho anayekimbia peke yake hakipati?" Nililisoma Jumatano nikiwa kwenye cherehani, nikaliweka kando, usiku nikalirudia. Najua wengi watajibu kwamba kundi linakuvuta, linakuongezea kasi. Sikatai. Lakini mimi kundi lilinipunguza mwendo, na kama lisingenipunguza, leo nisingekuwa nakimbia.

Mimi ni fundi wa nguo, Tandika, wilaya ya Temeke. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Miaka sita iliyopita nilipimwa zahanati nikakutwa na presha, nikaambiwa nianze mazoezi, angalau dakika 150 kwa wiki, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa watu wazima. Nikanunua raba za mtumba, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri nikatoka.

Nilitoka na kasi niliyoikumbuka tangu shule ya msingi, mwili ukiwa na miaka arobaini na moja. Kabla sijafika kona ya pili kichomi kimeshanishika ubavuni. Nikatembea, nikaona aibu kutembea, nikakimbia tena kwa nguvu zaidi ili nifidie. Kila siku hivyo hivyo. Giza lilinitisha, mbwa walinitisha, na vijana waliokuwa wanarudi kutoka kwenye starehe zao za usiku walinitisha kuliko mbwa. Mwanamke anayekimbia peke yake alfajiri masikio yake yote yako nyuma, na mtu wa hali hiyo hawezi kwenda taratibu hata akitaka. Wiki ya tatu ugoko wa mguu wa kulia ukawa unauma kiasi cha kushindwa kukanyaga cherehani. Wateja wa sare za shule wananisubiri, mimi nimetumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya barafu. Nikaacha.

Aliyeniona ni jirani yangu anayekaanga maandazi. "Fundi, mbona unachechemea?" Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho huku akigeuza maandazi yake, kisha akasema, "Sasa ulikuwa unakimbizana na nani? Mguu ukipona njoo Jumapili twende wote. Ila ukija usikae mbele. Kaa katikati."

Ambaye hajawahi kuziona jogingi za Dar es Salaam Jumapili asubuhi nimweleze kidogo. Tunakusanyika kwenye uwanja wa shule saa kumi na moja na nusu, watu thelathini, siku nyingine hamsini, fulana za rangi moja. Wamo mama lishe, makondakta, walimu, vijana wa bodaboda, muuza samaki wa Feri, na mzee mmoja mstaafu ambaye sote tunamwamkia shikamoo kabla hatujafunga kamba za viatu. Tunapanga mistari miwili. Mbele kuna mwenye bendera nyekundu, nyuma kuna mwenye bendera na kipenga, hao kazi yao ni kuzuia magari tunapovuka barabara. Pembeni, usawa wa katikati ya msafara, anakimbia mwimbishaji. Tunaelekea Chang'ombe hadi Uwanja wa Mkapa, tunanyoosha viungo pale nje, tunarudi. Ni kama kilomita tisa hivi kwenda na kurudi.

Nyimbo zetu ni za mchakamchaka. Mwimbishaji anarusha mstari, sisi tunaitikia, na miguu inapiga chini kwa pamoja. Watanzania wa rika langu tulikua nao shuleni. Kabla ya kuingia darasani tulizungushwa mitaa, mmoja anaita "Mchakamchaka!", wote "Chinja!", mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo. Tulidhani ni namna ya kutuchosha tukae kimya darasani. Sikujua kwamba ndani yake mna elimu nzima ya pumzi.

Siku ile ya kwanza nilikaa katikati kama nilivyoagizwa, mbele yangu mgongo wa mtu, kushoto bega la mtu. Nikataka kwenda haraka, sina pa kupita. Nikaanza kuitikia, na hapo nikagundua kwamba anayeitikia wimbo hawezi kukimbia kupita pumzi yake. Sauti inakatika kwanza, kabla ya miguu. Walimu wa mazoezi wanatumia kipimo hicho hicho: ukiweza kusema sentensi nzima huku unakimbia, uko kwenye mwendo mwepesi, ule ambao moyo unaweza kuuhimili kwa muda mrefu na kuimarika nao. Ukibaki kutoa neno moja moja, umeshavuka. Mwimbishaji wetu hana saa ya mkononi wala programu ya simu. Anasikiliza kiitikio. Kikianza kupwaya upande wa nyuma anajua kuna watu wameishiwa, anabadili wimbo anaweka wa mdundo mzito, na mistari yote miwili inashuka mwendo bila mtu kutajwa jina. Hakuna aliyeambiwa "wewe unatuchelewesha". Nilikimbia kilomita zote tisa. Peke yangu sikuwahi kumaliza mbili.

Nimekaa sana na jambo hili, kwa sababu naona ndilo linalowatoa watu wengi kwenye mazoezi. Anayeanza peke yake hashindwi kwa uvivu. Anashindwa kwa sababu ya haraka zake, anaumia, halafu anajilaumu kwamba hana moyo. Hata Iten, mji wa Kenya ulio juu kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, unaosifika kwa kutoa mabingwa, makundi ya alfajiri huanza kwa kujikokota, taratibu kiasi kwamba mgeni wa kawaida anaweza kwenda nao dakika za mwanzo. Wanajua siku ya kasi itafika na kila siku ina kazi yake. Kijana anayejifunza pale hahitaji kuhubiriwa subira, anaiona kwenye miguu ya bingwa aliye mbele yake.

Nichukue na mfano mkubwa kuliko yote. Tarehe 12 Oktoba 2019, Vienna, Austria, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195, yaani marathoni nzima, kwa saa 1:59:40. Alikuwa na wadhibiti kasi 41 waliopokezana kwa zamu, wengine mbele yake kwa umbo la V, wengine nyuma, wakimkinga upepo. Bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 wa mwaka 2016, Matthew Centrowitz, alikuwa mmoja wao. Huko kupokezana ni moja ya sababu za mbio zile kutoandikwa kama rekodi ya dunia. Watu huwatazama wale 41 wakasema walimvuta. Mimi ninachokiona ni kwamba walimshikilia kwenye kasi moja, dakika 2 na sekunde 50 hivi kwa kila kilomita, asipungue wala asizidi. Mtu mwenye miguu ya marathoni kuliko binadamu wote wakati ule, bado alihitaji wenzake wamtunzie mwendo.

Mzee wetu mstaafu hakubaliani na mimi, na hoja yake ni nzito, siwezi kuificha. Kila nikianza habari hii ananikatisha: "Mwanangu, na Bayi je?" Anamaanisha Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola, hakumngoja mtu, akamaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi ya dunia. Mzee alikuwa kijana wakati huo na habari ile anaisimulia kama iliyotokea juzi. "Alikuwa na kundi gani yule? Alikuwa na njia tupu mbele yake."

Nilikaa na hoja hiyo wiki nzima. Jumapili iliyofuata nikamjibu kwamba nyuma ya Bayi alikuwapo John Walker wa New Zealand, aliyemaliza kwa 3:32.5, naye pia akaipita rekodi ya zamani ya 3:33.1. Wawili katika mbio moja. Bayi alimvuta Walker, na Walker alimsukuma Bayi. Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, nusu nakupa." Nusu hiyo naipokea, kwa sababu najua wapo watu ambao upweke ndio unaowakuza. Mimi si miongoni mwao, na sidhani wengi tumo.

Na Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotupatia dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, katika marathoni pale Tokyo, alikaa ndani ya kundi zaidi ya saa mbili. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Jumapili iliyofuata mwimbishaji aliingiza jina la Simbu katika kila wimbo hadi sauti ikamkauka.

Kuna na upande wa maumivu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliwahi kuwapima wapiga makasia wa chuo hicho baada ya mazoezi, mara wakiwa wamefanya kila mtu peke yake, mara wakiwa wamefanya pamoja kwa mdundo mmoja. Kazi ya mwili ilikuwa ile ile, lakini baada ya kufanya pamoja uwezo wao wa kuvumilia maumivu ulipanda zaidi. Niliposomewa habari hiyo na binti yangu sikushangaa. Anayetwanga na mwenzake kwenye kinu kimoja anaijua.

Halafu kuna yale yasiyo ya miguu. Mwaka juzi mama yangu alipofariki sikumwita mtu wa klabu. Walifika wenyewe, asubuhi, wengine bado na fulana za mazoezi, wakakamata sufuria, wakabeba maji, wakapanga viti vya wageni. Nikikosa Jumapili mbili mfululizo yule jirani wa maandazi hunifuata dukani. Haniulizi kwa nini sikuja. Ananiuliza, "Fundi, uko salama?" Na lile giza lililokuwa linanitisha silioni tena, kwa sababu nyuma yangu kuna mwenye kipenga. Kwa wanawake wa mjini naliweka hili juu ya yote. Katika klabu yetu wapo kinamama kadhaa ambao waume zao waliwakatalia kukimbia peke yao, wakawaruhusu kuja kwetu. Ningependa ruhusa isiwepo kabisa katika mazungumzo hayo. Lakini wanakuja, na presha zao zinapimwa.

Nisiwafiche kwamba kundi nalo linaweza kukuumiza. Mwaka jana nilikimbia wiki tatu na kisigino kibovu kwa sababu niliona haya kuwaangusha wenzangu waliokuwa wamenihesabu kwenye safari. Nikaishia kukaa nje miezi miwili. Hakuna aliyenilazimisha, ila macho ya watu unaowapenda ni mzigo, na mgeni wa klabu yoyote afundishwe mapema kusema "leo naumwa" bila kutafuta maneno. Sasa kwetu mwenye maumivu anapewa bendera ya nyuma, anafuata kwa baiskeli. Kazi anayo, nafasi yake haipotei.

Hiyo safari niliyoitaja ni ya Moshi, mbio za Kilimanjaro, nusu marathoni, kilomita 21. Mwaka huu tunaitaka tena, watu kumi na wawili, na kibubu cha nauli kimeshaanza kujaa. Kinachotusumbua ni kile kipande cha kupanda kuelekea Mweka, kwa sababu Temeke hatuna mlima. Wengine wanasema pale tusiimbe, tutunze pumzi. Mwimbishaji hataki kusikia. Amekuja dukani kwangu jana, akakaa kwenye stuli ya wateja, akapiga meza kwa vidole kwa mwendo wa polepole sana, anatunga wimbo wa mlima. Kiitikio chake kina silabi mbili tu.