Kiuno Kinauma, Nikaze Tumbo au Niachie? Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Mwezi huu meseji karibu zote ni za migongo, sijui ni msimu wa kulima au ndo mizigo imezidi, basi nimechukua chache ambazo zikijibiwa zinawajibia na wengine.

Shikamoo dokta. Mimi nabeba mizigo Mwaloni hapa Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa. Kiuno kinaniuma toka mwaka jana, kinaachia kinarudi. Kuna mtu wa mazoezi akaniambia misuli yangu ya ndani ya tumbo imelala ndo maana uti wa mgongo hauna wa kuushikilia, akanifundisha kuvuta kitovu ndani, akasema nikae nimekaza hivyo siku nzima. Sasa nakaza mpaka nasahau kuhema, wenzangu wananicheka natembea nimejikausha, na kiuno bado kipo palepale. Nikaze zaidi au niache? – Mbeba mizigo, Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Mi siyo dokta, ni mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, ila watu wameshanibatiza hivyo basi twende.

Huyo aliyekuambia hakutunga. Mwaka 1996 kule Brisbane, Australia, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson waliingiza nyaya nyembamba sana kwenye misuli ya tumbo ya watu, wakawasimamisha wakawaambia nyanyua mkono haraka. Kwa wenye migongo mizima ule msuli wa ndani kabisa wa tumbo, unaozunguka kiuno kwa upana, ulishika kabla mkono haujaanza hata kwenda, yani mwili unajiandaa wenyewe bila kuambiwa. Kwa wenye matatizo ya kiuno ukachelewa, sehemu ndogo tu ya sekunde, ila ulichelewa. Mwaka huohuo Julie Hides na wenzake wakaonyesha kwa ultrasaundi kwamba multifidasi, vimisuli vya pembeni ya pingili za mgongo, kwa aliyeumwa kiuno mara ya kwanza havirudi unene wake vyenyewe hata maumivu yakiisha. Basi hapo ndo dunia nzima ya fiziotherapia ikaanza kuvuta kitovu, na sisi tukafundishwa hivyohivyo chuoni.

Sasa kilichofuata ndo watu hawaambiwi. Mwaka 2003 Hodges huyohuyo na wenzake wakachukua watu wazima wasioumwa, wakawachoma maji ya chumvi kwenye misuli ya mgongo ili waumie kwa muda, na mpangilio wa ule msuli wa tumbo ukavurugika palepale. Kwahiyo kuchelewa kule kunaweza kuwa kumeletwa na maumivu, siyo lazima ndo chanzo. Alafu 2016 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima pamoja, likaangalia tafiti 29 za mazoezi haya ya kudhibiti misuli ya kiwiliwili kwa watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, jumla watu 2,431. Jibu lao ni kwamba yanasaidia kuliko kukaa bila kufanya kitu cha maana, lakini ukiyaweka na mazoezi ya aina nyingine hayana tofauti ya kumfanya mgonjwa aseme kweli hili limenivusha.

Kwahiyo we acha kukaza siku nzima. Wengi wenye kiuno kibovu tayari wamejikaza kuliko kawaida kwa sababu ya kuogopa, sasa ukiwaongezea kukaza juu ya kukaza unapata mtu anayetembea kama amemeza mwiko. Kaza kidogo pale unaponyanyua gunia, ukishalitua achia, hema. Kipimo ni mdomo wako, kama umekaza na huwezi kumjibu mwenzako anayekuuliza bei ya dagaa basi umezidisha.

Na kwa kazi yako lililo kubwa kuliko kitovu ni mzigo wenyewe. Ongea na wenzako upewe magunia mepesi kwanza hata kama hela itapungua kidogo, siku zikienda bila kiuno kuwaka unapanda taratibu. Kiuno kulalamika kidogo jioni alafu asubuhi kimetulia siyo kuharibika huko, usikimbie. Kikiwa kibaya zaidi kesho yake punguza, siyo kuacha.

Dada pole na kazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Igogo kule juu kwenye mawe, maji napandisha kwa ndoo. Jimu sina, muda sina, nikilala chini watoto wananipanda. Nifanye mazoezi gani ya mgongo? – Mama wa mlimani

Asante mama, pole na wewe na hiyo milima. Cha kwanza nikuambie kupanda mawe na ndoo ni zoezi tayari, tena watu wa mjini wanalipia jimu kufanya nusu yake, shida ni kwamba unafanya hilohilo kila siku na hamna la kulisawazisha.

Chukua mkeka. Piga magoti uweke na mikono chini, nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usizunguke wala usibonyee, hesabu mpaka kumi polepole huku unahema, badilisha. Hapo ndo unafundisha kiwiliwili kutulia wakati mikono na miguu inazunguka, na ndo maana yenyewe ya kudhibiti misuli. Alafu lala chali, kunja magoti, nyanyua makalio, shikilia, shusha. Alafu lala ubavu, jiegemeze kwenye kiwiko na goti, nyanyua nyonga. Mara chache chache kila moja, zinatosha kabla hujakoroga uji. Mtoto akikupanda mgongoni ukiwa umepiga magoti, mwache kama ni mdogo, huo ni uzito wa bure.

Sit-apu zile za kujikunja haraka haraka sizipendi kwa kuanzia, siyo sumu, ila mtu mwenye kiuno kinachouma anazifanya kwa hasira na kesho yake anasema mazoezi hayamfai. Na hiyo ndoo kama unabeba kwa mkono badilisha mikono njiani, au gawa kwenye madumu mawili madogo.

Kaka zako wa bodaboda Buhongwa tunauliza, mkanda wa kiuno unaouzwa barabarani unasaidia? Mwenzetu pia amepigwa picha ya MRI ikaonyesha diski, kile kimto cha katikati ya pingili za mgongo, imetoka kidogo, kaambiwa asiiname tena maisha yake yote.

Mkanda sishauri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023 na mikanda ya kiuno wakasema isitumike kama tiba, mazoezi na kumwelimisha mgonjwa wakayapendekeza. Hela ya mkanda weka mafuta, alafu kila ukisubiri abiria shuka kwenye pikipiki, jinyooshe, zunguka kijiwe. Kukaa umeinamia usukani toka alfajiri ndo adui yenu.

Na mwenzenu apunguze presha. Diski kuvimba au kuchomoza kidogo inaonekana hata kwa watu wasioumwa popote, kuna tafiti zilizojumlishwa mwaka 2015 zikakuta kati ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote kama 30% diski zao zimevimba, na ukifika miaka 80 ni 84%. Picha peke yake haisemi kinachouma. Kutoinama maisha yote? Viatu atavaaje jamani. Aanze kuinama kidogo kidogo bila mzigo, mwili urudi kuamini. Ila maumivu yakishuka mguuni na mguu ukaanza kukosa nguvu, hapo arudi hospitali, asisubiri.

Mama yangu yuko Ukerewe, mgongo unamuuma zaidi usiku, anatokwa jasho, amekonda na jioni ana homa. Nimtumie video za mazoezi?

Hapana. Mpeleke hospitali wiki hii, asikae akisubiri kuchuliwa wala dawa za mshipa. Mgongo unaouma na homa, jasho la usiku na kukonda unaweza kuwa TB ya mgongo, au kitu kingine kinachohitaji vipimo, na TB inatibika tena dawa ni bure, lakini ikichelewa inakula pingili mpaka miguu inapooza. Mwambie daktari hayo yote manne, asiseme mgongo tu maana atapewa za maumivu arudishwe nyumbani.

Na kwa wote: ganzi sehemu za siri au kwenye makalio, mkojo kuziba au kutoka wenyewe, choo kutojizuia, hiyo ni safari ya usiku huohuo, hospitali ya Sekou Toure, Bugando, popote palipo karibu.

Nimesikia kuogelea ndo dawa ya mgongo, na sisi ziwa tunalo mlangoni. Vipi? – Wa Nyegezi

Kuogelea ni kuzuri ila hakujatia fora. Kutembea kwenyewe kuna ushahidi, Australia mwaka 2024 walichapisha utafiti wa watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno, waliopewa ratiba ya kutembea na mtu wa kuwaelekeza walikaa muda mrefu zaidi kabla maumivu hayajarudi, mtu wa katikati alikaa siku 208, dhidi ya 112 kwa wasiopewa kitu. Lengo lilikuwa kufikia dakika 30 mara tano kwa wiki, wakipanda taratibu.

Na ziwani kwetu kuna kichocho, wadudu wanatoka kwa konokono wa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na wanapita kwenye ngozi hata kama hujanywa maji. Kama umeshakuwa ukiogelea humo nenda kapime mkojo na choo kwanza, alafu uje tuongee habari za kiuno.