Mgonjwa wa Crohn na matunda: ale au aache?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga, na nauza machungwa ya Muheza katika soko la Mgandini. Baada ya kuharisha na kukonda kwa muda mrefu, nilipimwa utumbo kwa kamera nikaambiwa nina ugonjwa wa Crohn, yaani kuvimba kwa utumbo kwa muda mrefu. Wifi yangu amenikataza tunda la aina yoyote. Shoga yangu naye ananihimiza nimeze mbegu za papai kila alfajiri. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yetu, pole kwa maradhi. Katika hili usimsikilize yeyote kati yao, ingawa wifi yako ana chembe ya ukweli. Matunda hayakukuletea Crohn wala hayataiponya, na mbegu za papai si badala ya dawa ulizoandikiwa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliowafuatilia wauguzi wanawake zaidi ya 170,000 wa Marekani kwa miaka 26, ulionyesha kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi, takriban gramu 24 kwa siku, walipatwa na Crohn kwa uchache wa kama asilimia 40 wakilinganishwa na waliokula kidogo kabisa, na nyuzinyuzi za matunda ndizo zilizohusiana zaidi na nafuu hiyo. Walioanza kufuatiliwa, hata hivyo, walikuwa hawajaugua, kwa hiyo matokeo hayo hayakupi tiba wewe uliyekwisha kuugua. Yanatosha tu kuonyesha kwamba tunda si sumu ya utumbo. Bakteria wa utumbo mpana huzichachua nyuzinyuzi laini na kutoa asidi ya butireti, ambayo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo huo.

Linaloamua ni hali ya utumbo wako kwa sasa. Muulize daktari wako kama kipimo kilionyesha sehemu iliyosinyaa, kwa sababu hapo ndipo maganda, mbegu na makapi huweza kukwama. Ikiwa ipo, au ugonjwa umechachamaa, kula ndizi mbivu au papai bivu lililomenywa na kutolewa mbegu, na uliache pera na embe lenye nyuzi zinazonasa menoni. Chungwa lako lile kama wanavyolila wateja wako wengi: limenywe, likatwe kichwa, lifyonzwe, makapi yatupwe. Tumbo likijaa na kuuma, ukatapika, ukashindwa kutoa choo na hata hewa, usingoje kupambazuke, nenda hospitali.

Ugonjwa ukitulia, na kama hakuna palipobana, rudisha matunda mengine kidogo kidogo, moja baada ya jingine, ili ujue lipi linakusumbua. Kujinyima yote kwa miezi, kama atakavyo wifi, kunamkosesha vitamini mtu ambaye tayari amekonda.

Balungi liweke kando ukiwa umeandikiwa vidonge vya budesonaidi, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, kwani tunda hilo huongeza kiasi cha dawa hiyo kinachoingia katika damu.