Miguu yenye ganzi na baridi ya Mbeya: tuiweke mbali na moto

Ukiishi huku Nyanda za Juu Kusini na miguu yako ikaanza kufa ganzi, kila utakayemweleza atakwambia hiyo ni baridi. Mimi niliambiwa na majirani, na wauza soksi wa Mwanjelwa, na ndugu zangu wa Tukuyu ambao kwao mvua na ukungu ni jambo la kila siku. Walisema kwa nia njema. Mji wetu uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai inauma kweli, kwa hiyo ni rahisi kuitupia lawama zote. Lakini baridi ina tabia yake. Jua likishapanda, inakuachia. Ganzi inayotokana na mishipa ya fahamu haikuachii. Unayo mchana wa Oktoba ukiwa umekaa juani. Inakuja miguu yote miwili, inaanzia ncha za vidole na kupanda kidogo kidogo kama mtu anayekuvalisha soksi. Usiku ndipo inapochachamaa: nyayo zinawaka moto, vidole vinachomwachomwa, na hata shuka likigusa tu unashtuka.

Mimi ni fundi cherehani, na nina kisukari. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Zamani mguu ndio uliokuwa ukijua mwendo, mkono ukashughulika na kitambaa. Sasa pedeli siisikii. Kasi naijua kwa mlio wa sindano, na kabla sijaanza mshono nainama kwanza kuangalia mguu umekaa wapi, maana umewahi kuwa nusu nje ya pedeli na mimi najiona nimekaa sawasawa. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya hilo: kazi ambayo unyayo umeiacha, wapeni macho na mikono. Anayeendesha bodaboda au gari na hasikii breki chini ya mguu, huyo azungumze na daktari kabla ya safari nyingine.

Chanzo kinachojulikana zaidi ni kisukari. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidoleni, ndiyo inayoanza kuathirika. Lakini si kisukari peke yake. Pombe nyingi ya miaka mingi hufanya hivyo hivyo, iwe bia, komoni au ulanzi. Upungufu wa vitamini B12 pia, na hapa wenzangu wa kisukari tusikie vizuri: metfomini ikitumika kwa miaka mingi inaweza kushusha B12 mwilini. Usiiache dawa. Muulize daktari kama unahitaji kupimwa. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, nayo inaweza kuleta ganzi, ndiyo maana wagonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Virusi vya Ukimwi na ukoma vimo pia kwenye orodha. Kwa hiyo mtu asikutajie sababu kwa kukuangalia usoni tu, na usikubali kuambiwa umekanyagishwa kitu njia panda. Kapime sukari, ni kipimo cha tone moja la damu.

Sasa nije kwenye moto, hatari ambayo mtu wa Dar hana sababu ya kuiwaza. Kwetu jioni jiko la mkaa linaingizwa ndani, watu wanalizunguka, miguu inanyooshwa. Mama mmoja tunayesali naye alikuwa amekaa hivyo, anasimulia habari za msiba wa kwao Makete. Mjukuu wake akasema, "Bibi, kuna kitu kinaungua." Wakafunua sufuria, wakaangalia mkeka. Kilichokuwa kinaungua ni soksi yake. Nailoni ilikuwa imeyeyuka na kushikana na ngozi ya kidole kidogo, na malengelenge yamevimba hadi pembeni ya unyayo. Yeye alikuwa bado yumo kwenye simulizi. Hakusikia lolote. Kidonda kile kilimhangaisha miezi, na mwisho vidole viwili vilikatwa.

Nimemtaja kwa ruhusa yake, na anataka watu wajue. Mguu wenye ganzi unaweza kuwa baridi ukiushika, au wewe mwenyewe unauhisi baridi kwa ndani, kwa hiyo mtu anatafuta joto. Anauweka mahali ambapo mwenye mguu mzima angeruka, naye anakaa. Sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba miguu yangu haiendi kwenye jiko, wala kwenye chupa ya maji ya moto, wala kwenye tofali lililopashwa. Chupa ya maji inaingia kitandani kupasha blanketi, na inatoka kabla sijapanda. (Na jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake inaua watu wenye miguu mizima vilevile.) Joto la miguu nalipata kwa soksi za sufu zisizobana, blanketi magotini, na kuuweka mwili wote joto, maana mwili ukipoa damu inaondoka kwanza kwenye ncha.

Maji ya kuoga nayo yana balaa lake. Usipime kwa mguu. Pima kwa kiwiko, au mwite mtu mwingine atie mkono wake, kwa sababu ganzi ikiendelea inafika hata mikononi. Na lile la kukandwa! Akina shangazi wanakuja na beseni, maji yanatoa mvuke, taulo linakamuliwa, na wanakukanda kwa mapenzi yote. Mshukuru shangazi, mwombe akupikie uji. Kuloweka miguu kwenye maji ya moto na chumvi nako hakuponyi mishipa. Kunalainisha ngozi hadi inapasuka, na mlango wa vijidudu unafunguka.

Kila jioni natazama miguu yangu, taa ikiwa karibu. Juu, chini, pembeni, na katikati ya kila kidole. Kioo kidogo nakiweka sakafuni, napitisha unyayo juu yake. Natafuta wekundu, lengelenge, ngozi iliyochubuka, ngozi nyeupe iliyolowa kati ya vidole ambayo mara nyingi ni fangasi, na kila mahali penye joto kuliko pengine. Siku ambayo macho yamechoka na kazi ya uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi, binti yangu ananitazamia. Magaga ya kisigino tunayo karibu wote huku wakati wa kipupwe. Yapake mafuta ya mgando kila siku yasipasuke, ila usipake katikati ya vidole, pale panatakiwa pawe pakavu. Kucha zikatwe kwa kunyooka, pembe zisichimbwe. Sugu zisikatwe kwa wembe. Chini ya sugu panaweza kuwa na kidonda kinachojitengeneza, na wembe unakifungua bila usafi wowote, mpelekee muuguzi. Na ukiona funza, usichokoe kwa pini mwenyewe. Ncha yake ya nyuma huonekana kama kidoti cheusi, na kwenye mguu wenye ganzi hata ule muwasho wa kukustua unaweza kuukosa.

Viatu ningeweza kuviandikia makala nzima. Mtu mwenye ganzi akienda kujaribu kiatu, anachagua kinachombana, kwa sababu kile cha saizi yake anakiona kama kinapwaya. Hajui kwamba anatafuta kukihisi. Mitumba ya Mbeya ina viatu vizuri vya ngozi, laini, vyenye kidole kipana, na sioni aibu kuvinunua, ila nina utaratibu. Naenda alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku. Naenda na kipande cha boksi nilichochora mguu wangu nikiwa nimesimama, nikakikata kwa mkasi. Nakiingiza ndani ya kiatu. Kikikunja pembeni, narudisha kiatu mezani hata kama bei ni ya kutupa. Napitisha mkono ndani kutafuta msumari, mshono uliovimba, soli iliyochanika. Kikifika nyumbani nakivaa muda mfupi, navua, natazama ngozi. Wekundu ukikaa bila kufifia, hicho si changu.

Kandambili nimeziacha. Ule mkanda unakata katikati ya vidole, na kandambili ikichomoka njiani hujui, unaendelea na mguu mtupu. Shambani tuvae mabuti, lakini ndani kuwe na soksi kavu, na kabla ya kuvaa yageuzwe na kukung'utwa. Kokoto ndogo tu, ukiikanyagia ndani ya buti huku unapalilia viazi kutwa nzima, inakuachia shimo la unyayo. Kwa ndugu zetu wanaovua viatu msikitini, nendeni na soksi nene safi na mkague nyayo mkirudi. Hata safari ya basi kwenda Dar, siku nzima ya kukaa: legeza kamba, chezesha vifundo vya miguu, na mkisimama kula uvae viatu vyako hata kama ni hatua chache.

Damu kutofika vizuri ni jambo jingine, ingawa mara nyingi haya mawili yanaishi kwenye mguu mmoja. Dalili yake kubwa ni maumivu ya shavu la mguu unapotembea. Mji wetu ni wa miinuko na unalionyesha upesi: unapanda kidogo, shavu linakaza na kuuma, unasimama kama unayesalimia watu, linaachia, unaendelea, linauma tena. Ukiona hivyo, au mguu mmoja ni wa baridi na umepauka kuliko mwenzake, au kidonda kidogo hakisogei, mishipa ya damu inaweza kuwa imeziba kwa ndani. Muuguzi anayejua kazi atatafuta mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Sigara na ugoro viachwe, na sigara hasa, hakuna kinachobana mishipa hiyo kama moshi wake. Presha na lehemu, yaani mafuta yaliyozidi kwenye damu, vitibiwe. Na kutembea ni tiba, ajabu lakini ni kweli: tembea hadi iume, pumzika, tembea tena, mara kwa mara, ilimradi huna kidonda unyayoni. Jihadhari na jambo moja. Ganzi inaweza kuficha maumivu haya, mtu akafikiri damu yake inafika salama.

Kuhusu maumivu ya usiku, usivumilie kimya. Panadoli kwa kawaida haziyawezi. Zipo dawa zinazotuliza mishipa, kama amitriptilini na gabapentini, na huanzishwa kwa dozi ndogo. Zinaweza kuleta usingizi, kizunguzungu au kukauka mdomo, na hazimfai kila mtu, kwa hiyo usinunue dirishani kwa kusikia jirani zimemsaidia. Zinapunguza kuwaka, hisia zilizopotea hazizirudishi. Anayeahidi kwa kipaza sauti stendi kwamba chupa yake inarudisha hisia anachukua fedha yako ya metfomini. Kinachozuia ganzi isisogee ni sukari iliyotulia, na hapo ugali, ndizi na viazi vyetu vinahitaji kupunguzwa kwenye sahani, mboga na maharage vikaongezwa. Mtaalamu wa lishe wa kliniki atakupangia vizuri kuliko mimi.

Kidonda kikitokea, hata kidogo, hata kisichouma, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa gauzi safi, usikikanyagie, na uende kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Si dawa ya meno, si majivu, si mafuta ya taa, si unga wa kapsuli iliyofunguliwa. Ukiona usaha, harufu, weusi, wekundu unaopanda, au homa, usisubiri kukuche. Na iko hali moja ambayo wengi hawaijui: mguu mmoja unavimba, unakuwa mwekundu na wa moto, hauna kidonda na wala hauumi sana. Mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani bila wewe kuhisi. Acha kuukanyagia na nenda haraka, kwa sababu ukiendelea kutembea mguu unapinda na haurudi.

Najua kwa nini watu wanachelewa. Wanaogopa kusikia neno kukatwa. Nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki na wengi wao, nawaelewa, na inaniuma kila mara, kwa sababu anayewahi na kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi mara nyingi anarudi nyumbani na bandeji tu.

Ukienda kliniki, vua viatu na soksi ukiwa bado unasubiri, ili daktari asipate nafasi ya kuandika dawa bila kuona miguu. Omba upimwe hisia; wanatumia kiuzi cha plastiki kinachobonyezwa unyayoni. Kisipokuwepo, kipo kipimo ambacho kijana yeyote anaweza kumfanyia mama au baba yake sebuleni. Mzee afumbe macho, miguu mitupu. Wewe gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, bila kubonyeza wala kukwaruza, sekunde moja au mbili: kidole gumba, cha katikati na kidogo cha mguu wa kulia, kisha hivyohivyo wa kushoto. Kila akisikia aseme "kulia" au "kushoto". Vidole viwili au zaidi kati ya sita akiwa hajavisikia, mpeleke kliniki wiki hiyohiyo, na uende na viatu anavyovaa kila siku ili navyo vikaguliwe.