Wasomaji Wanauliza: Kapoeira, Kuanzia Ginga Hadi Berimbau

SWALI: Nina miezi mitatu kwenye kapoeira, mchezo wa Brazili wa mapigano, dansi na muziki. Kila baada ya zoezi la ginga, ile hatua ya msingi ya kuyumba, goti la kulia huuma upande wa ndani. Wenzangu wanasema nitazoea. Ni kweli? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Maumivu ya goti hayazoeleki. Mapaja yakiwaka moto, hiyo ni kawaida. Goti likichoma kwa ndani, kuna unachokosea. Mara nyingi kosa liko kwenye mguu wa mbele: wayo umeelekea nje, goti limeangukia ndani, na uzito wote umelalia hapo. Goti lifuate vidole vya mguu siku zote.

Chora sakafuni kwa chaki mistari miwili sambamba, ikiachana kuzidi kidogo upana wa mabega. Simama mguu mmoja kwenye kila mstari, magoti yamekunjwa. Peleka mguu wa kulia nyuma juu ya mstari wake, ukanyagie sehemu ya mbele ya wayo, kisigino juu. Mkono wa kulia nao uje kukinga uso. Urudishe mguu ulipotoka, kisha zamu ya kushoto. Wanaouvusha mguu nyuma ya mwenzake hubaki wamesimama kama juu ya uzi, na rasteira, ule mfagio wa mguu, huwaangusha bila jasho.

Angalia na sakafu. Raba juu ya saruji kavu hunata: ukizunguka kupiga teke la meia lua de compasso, mwili unageuka, wayo umeganda, goti ndilo linalosokotwa. Zungukia mbele ya wayo. Goti likivimba au kukwama, nenda hospitali kabla ya kurudi mazoezini.

SWALI: Je, kapoeira itanisaidia nikivamiwa na vibaka?

JIBU: Si leo wala kesho. Itakupa pumzi, nyonga laini, viganja vinavyobeba mwili na jicho linaloona teke kabla halijafika. Kwa vibaka, hiyo pumzi itumie kukimbia.

SWALI: Tumetengeneza berimbau, ule upinde wa muziki wa kapoeira, kwa mti wa hapa na waya wa tairi. Sauti ni hafifu na waya hukatika mara kwa mara. (Kikundi cha vijana, Mombasa)

JIBU: Tuanze na waya. Kama mlichoma tairi ili kuupata, moto umeshaua ukakamavu wa chuma. Chaneni ukingo wa tairi kwa kisu, vuteni nyuzi za chuma, msugue kwa msasa mpaka mpira wote utoke, kwa sababu unaobaki huficha kutu na kufifisha mlio. Kitanzi kiwe cha mviringo. Kikipindwa kwa kona kali, waya hukatikia papo hapo. Kichwani mwa upinde wekeni kipande cha ngozi ili waya usipasue mti. Mkimaliza kupiga, legezeni. Upinde ukilala umekazwa, mti hubaki umepinda na mkazo hupotea.

Kule Bahia, Brazili, hupendwa mti wa biriba, lakini fimbo yoyote iliyonyooka, ya kama mita moja na nusu, inayopinda na kurudi, inafaa. Sauti hafifu kwa kawaida hutokana na kibuyu. Kikaushwe kabisa na kukwanguliwa ndani, maana nyama na mbegu humeza sauti. Kamba yake ikaze, ikae kama shubiri moja kutoka ncha ya chini; kisogezeni juu au chini kidogo kidogo mpaka mlio ufunguke. Mpigaji naye asikibandike tumboni muda wote.

Mkitaka kutengeneza berimbau tatu, ile iitwayo gunga ipewe kibuyu kikubwa na sauti nzito, kwani ndiyo inayoongoza. Medio hufuata, viola yenye kibuyu kidogo hupamba.

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 anasema kutakuwa na "batizado" na atapewa jina jipya. Sisi ni watu wa dini. Nimruhusu? (Mama, Dodoma)

JIBU: Mama, neno hilo maana yake ni "ubatizo", lakini si ibada. Katika shule ya Mestre (yaani mwalimu mkuu) Bimba, mjini Salvador, Bahia, batizado ilikuwa mara ya kwanza mwanafunzi kucheza kwa mlio wa berimbau. Leo makundi mengi huifanya sherehe: mtoto anacheza na mwalimu, anaangushwa kwa upole, anafungwa kamba ya kwanza kiunoni. Lakabu nazo zina historia, kwani sheria ya jinai ya Brazili ya 1890 iliifanya kapoeira kuwa kosa, na mtu hakuwa na haja ya kutangaza jina lake halisi. Jina la kudhalilisha likataeni. Walimu wengine huvuka mpaka. Baadhi ya nyimbo hutaja watakatifu wa Kikatoliki na miungu yenye asili ya Afrika Magharibi, kwa hiyo mwombe mwalimu akufasirie mapema.

SWALI: Nikialikwa kwenye roda, yaani duara la mchezo, ya kapoeira ya mtindo wa Angola, niingieje nisionekane mgeni?

JIBU: Usikatize katikati ya duara. Pita pembeni, uchuchumae chini ya berimbau pamoja na mwenzako. Wakati wa ladainha, wimbo wa mtu mmoja unaofungua, hakuna anayecheza. Kwenye chula, sehemu ya kuitikiana, itikieni. Corrido, wimbo wa kuchezea, ikianza, ndipo muingie. Makofi usipige mpaka uone wenyeji wanapiga: roda nyingi za Angola hazina makofi. Ala usiziguse bila kuruhusiwa. Gunga ikiita, acheni mchezo hapo hapo, hata kama teke liko hewani, mrudi chini ya berimbau.